Si Wewe Uliyesoma

Kemunto mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa shangazi yako kusukwa matuta, na najua atakuweka mpaka jua lishuke, maana mdomo wake hufanya kazi kuliko vidole. Kwa hivyo nina nafasi. Sanduku lako liko hapa mbele yangu, nimeweka karatasi juu ya kifuniko na ninaandika. Mambo ya sabuni na soksi, nani umkimbie na nani umsogelee, shangazi atakwambia yote huku akikuvuta nywele. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka sita.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu najua kuisema, kuiandika sikufundishwa. Mpaka darasa la saba nilipoachia, daftari zetu zilikuwa za Kiswahili na Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, ni cha kusalimia mgeni na kukimbia. Ukiona mahali nimekosea usinicheke. Ama cheka, ni sawa, ila usiache kusoma.

Ulipoletewa ile orodha ya shule za kuchagua, ulikaa nayo pale kwenye ngazi ya mlango, na mimi nilikuwa nachambua mboga za chinsaga nikikutazama kwa pembeni. Kidole chako kilipita shule zote za Nyamira. Kikapita za Kisii, hata zile ambazo wasichana wa hapa hulia wakizikosa. Kikaenda kusimama mahali ambapo hapa Ekerenyo hakuna mtu wa boda boda anayejua hata ni upande gani. Shangazi yako akasema, "Huyu mtoto ana ndoto kubwa!" Nikaitikia, ee, kubwa. Lakini mtu hatafuti umbali wote huo kwa sababu ya maabara. Ulikuwa unatafuta mahali ambapo hakuna hata mmoja wa kukupigia kelele njiani, "Kemunto, baba amerudi!"

Wewe unajua ilivyokuwa siku ile. Ulikuwepo. Lakini kuna upande ambao hukuuona kwa sababu ulikuwa ndani ya kichwa changu, na sitaki uende mbali hivyo ukiwa umebeba nusu tu.

Unakumbuka kile chumba cha vitabu kilivyokuwa, ukuta mmoja na jikoni ya shule. Vitabu vilikuja na maboksi yake, vipya, vyenye picha kila ukurasa, na mwalimu mkuu wa wakati ule akavifungia karibu mwaka mzima. Alisema watoto wadogo wana mikono yenye mchuzi wa githeri. Vikakaa vikiwa safi hivyo mpaka panya wakavisoma kabla ya watoto. Ndipo akanipa mimi ufunguo. Usidhani alifikiria kisomo changu. Aliniambia, "Mama Kemunto, wewe baada ya kupakua uko tu hapa. Fungua, wakae ndani, wasirarue." Nilikuwa askari wa karatasi.

Nikaanza na mikono. Nilikuwa na maji moto yanayobaki baada ya kuosha sufuria, nikawapanga mlangoni, kila mtu anaosha halafu anapunga mikono hewani mpaka ikauke, maana taulo haikuwepo. Ukitazama kwa mbali ungedhani ni kuku wamefukuzwa. Wakiingia, wanaketi chini na wananusa kwanza. Hakuna aliyewafundisha. Kila mtoto anafungua kitabu na kutia pua katikati.

Wakaja na maswali. Kile kitabu cha nchi ya baridi, chenye theluji kila mahali, mvulana mmoja alikitazama akasema, "Posho mill yao imepasuka!" Wengine wakakubaliana kabisa kwamba ni unga umemwagika kijiji kizima, na kwamba yule mtoto amevaa kofia ya sufu ili nywele zisijae unga. Mimi nikasema ndiyo, na mwenye posho mill amekimbia, na sasa watu wanakuja na ndoo. Kitabu chote tulikimaliza hivyo kwa lugha yetu, na hakuna neno hata moja nililosoma, kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza. Walicheka mpaka mmoja akajikojolea.

Siku hizo nilikuwa mtu, Kemunto. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo kila mtu aliyenitazama aliona kosa limebeba mtoto. Kanisani, kituo cha majani chai, kote. Kwenye kile chumba watoto thelathini walikuwa wananitazama kama mtu anayejua kitu.

Halafu wewe ukaanza kuja.

Ulikuwa Gredi ya Nne, ulikuwa unasoma kama maji yanavyoteremka. Siku ya kwanza ulikaa nyuma, ukanisikiliza. Tulipofika nyumbani ukaniambia kwa lugha yetu, polepole ili nisiumie, "Baba, ukisoma unageuza kitabu kwako. Wao hawaoni picha." Ukachukua ubao wa kukatia mboga ukaniwekea mfano. Unaushika kando ya shavu, uso wake kwa watoto, wewe unachungulia kwa jicho la upande. "Wao wanasoma picha, wewe unasoma maneno. Mnakutana katikati."

Nani alikufundisha? Hakuna. Ulifikiria mwenyewe.

Nilisema asante. Na kesho yake ulisoma kitabu kimoja hivyo, umekishika kando ya shavu, unageuza ukurasa kidogo kidogo ili wasubiri, na chumba kikanyamaza nikasikia maji yanatokota upande wa pili wa ukuta. Ulipomaliza wakasema, "Tena Kemunto! Tena!" Mimi hawakuwahi kuniambia tena.

Hapa ndipo pa kusema ukweli ambao hakuna mama anayeusema. Nilikuonea wivu. Mtoto wangu mwenyewe, niliyemlea kwa maneno ya watu. Nilirudi jikoni nikasugua ile sufuria kubwa mpaka mwenzangu akauliza, "Imekukosea nini?" Nilikuwa nafikiri, huyu atanipita akiwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu kila Sabato unipite, na ulipoanza kunipita nikaona vibaya.

Kwa hivyo nikageuza kitabu kwangu tena. Vile vya Kiswahili nilikuwa nasoma kwa shida, silabi kwa silabi, na sikutaka macho yenu yaone kidole changu kikitembea chini ya maneno. Nilikiinua mpaka kikanifunika uso. Bora watoto wasione picha kuliko waone mpishi anasoma kama wao.

Wiki ile ile mwalimu mkuu akapita dirishani akanikuta nawahadithia kwa lugha yetu. Akasimama. "Mama, hapa si shambani. Kitabu kinasomwa kama kilivyoandikwa." Akaenda zake. Maneno hayo tu, lakini watoto walisikia, na nikaona aibu yote ya darasa la saba imerudi na kuketi na mimi.

Siku iliyofuata nilichukua kile cha nyumba ya bati jekundu. Kiswahili chepesi, maneno machache kila ukurasa. Nyaboke alikuwa mbele kabisa, karibu magoti yangu yamguse. Unamkumbuka alivyokuwa, Gredi ya Kwanza, meno ya mbele hayapo. Mama yake alikuwa ameenda Arabuni kufanya kazi za nyumba za watu, na simu ilikuwa imenyamaza miezi mingi. Alikuwa anakaa na nyanya yake, yule sote tunamwita Magokoro. Kila mtu alijua. Mimi nilijua, maana ndiye mtoto niliyekuwa namwongezea kijiko.

Uliniambia, "Baba, nipe nikusaidie." Ulinyoosha mkono kabisa.

Nikakwambia, "Kaa chini. Mkubwa hapa ni nani?"

Ukakaa.

Nikasoma. Mlango unagongwa. Nani huyo? Nikageuza ukurasa, na kwa sababu hiyo sentensi niliiweza, nikaisoma kwa nguvu, kwa furaha, kama mtangazaji wa redio: "Baba amerudi!"

Wewe unajua, lakini huko uendako itabidi uwaeleze. Kwetu sisi baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mtoto wa hapa akianguka analia "baba!" na anayekuja mbio ni mwenye leso. Kiswahili chao kinaanza shuleni, na Nyaboke alikuwa na Kiswahili cha miezi michache. Picha ingemwambia. Picha ilikuwa na mwanamume mwenye masharubu na koti, anaingia na mkungu wa ndizi begani. Hata mtoto asiyejua neno moja angeona huyo si mama ya mtu. Lakini picha nilikuwa nayo mimi, imenitazama mimi peke yangu.

Akauliza kwa lugha yetu, sauti ndogo, "Ni kweli baba amerudi?"

Sikushusha kitabu. Nilikuwa natafuta mstari unaofuata. Nikamjibu, "Ee, amerudi. Si nimesoma? Yuko nyumbani na ameleta ndizi."

Alipotoka nilidhani anaenda choo.

Mengine unayajua. Alifika nyumbani hakukuta mtu, Magokoro alikuwa kituo cha majani chai. Akafikiri mama yake labda bado yuko stendi na mizigo, akateremka mpaka stendi ya Ekerenyo. Alikaa pale kwenye jiwe la muuza mahindi mchana wote, mvua ikamkuta, kila gari likisimama anainuka anawatazama wanawake wanaoshuka. Saa kumi na moja kijana wa boda boda akatambua sare ya shule akamrudisha. Alikuwa miguu mitupu. Viatu alikuwa amevishika kifuani, ndani ya sweta, ili mama yake amkute na viatu safi.

Hayo ya viatu nilielezwa baadaye. Sijawahi kuyasema kwa mdomo mpaka leo.

Aliugua kifua wiki nzima. Na siku ya pili Magokoro akaja shuleni, na mimi na wewe, wasomaji wawili wa kile chumba, tukaitwa ofisini. Mwalimu mkuu hakukaa hata chini. "Nani alimsomea huyu mtoto?" Nilitazama meza yake. Kulikuwa na kikombe na biskuti mbili kwenye sahani. Nikaona kazi imekwenda, nikaona watu wa kanisani wakisema si tulisema, nikaona ufunguo. Hata ufunguo niliufikiria, Kemunto. Nikasema maneno matano.

"Ni Kemunto. Mimi nilikuwa jikoni."

Uligeuka ukanitazama. Nilitegemea utalia ama utapiga kelele. Ungesema "Baba, si kweli," ningevunjika hapo hapo, naapa ningevunjika. Nafikiri hicho ndicho nilichokuwa nangoja. Lakini ulinitazama muda mfupi tu, kama mtu anayesoma kitu kifupi, halafu ukasema, "Ni mimi, mwalimu."

Miaka kumi ulikuwa nayo.

Walikusimamisha kwenye gwaride mbele ya shule nzima umwombe Nyaboke msamaha. Chumba kikafungwa. Kwa hivyo watoto hawakukuchukia kwa ajili ya Nyaboke, walikuchukia kwa ajili ya vitabu. Wavulana wa Gredi ya Sita wakakupa jina. Unapita na ndoo, "Baba amerudi!" Uko kwenye foleni ya chakula, "Baba amerudi, mpakulie!" Na anayepakua ni mimi. Nilikuwa napakua nikiwa nimeinamisha kichwa kama siwasikii. Siku moja uliiacha sahani ukaondoka. Sahani yako niliila mimi, sijui kwa nini nakuambia.

Ulikuwa ukisema utakuwa mwalimu wa watoto wadogo. Ukaacha kusema. Walimu wakaanza kuandika kwenye ripoti, anaandika vizuri sana lakini hasomi kwa sauti. Mwalimu mmoja akaniita akaniuliza kama una shida ya ulimi. Nikasema ni aibu ya kawaida. Unaona jinsi uongo mmoja unavyozaa? Ule wa kwanza niliusema kwa hofu, huu wa pili niliusema huku nikifunga aproni.

Na tangu siku ile ukaanza kuniita Mama. Watu walidhani ni shule, ni Kiswahili, ni kukua. Kina mama wengine wangefurahi. Mimi nilisikia vile unavyomwita mwenye duka, vile unavyomwita mama yeyote barabarani ambaye hujui jina lake. Sikuwahi kukuuliza. Ningekuuliza nini?

Nilijaribu kulipa kwa njia za kijinga. Nilikuongezea nyama. Nilikununulia ile sketi ya maua. Ulipopata alama nzuri niliwatangazia watu mpaka ukaona haya. Nataka uliweke hili, ukikumbwa na mtu kama mimi huko mbele: kuna watu watakufanyia wema mwingi sana ili wasilazimike kukuambia sentensi moja. Ukila wema huo utashiba lakini hutapona, na yeye pia hatapona.

Mama yake Nyaboke alirudi kweli, miaka miwili baadaye. Alikuwa amekonda, mkono mmoja haukunyooka vizuri. Watu walijaa kwa Magokoro wakiimba. Nyaboke alikuwa ndani, na walipomwita, "Toka, baba amerudi!" hakutoka. Alisema hiyo ameshaisikia. Mama yake ilibidi aingie mwenyewe. Nilikuwa pale uani na kikapu changu cha ndizi za kumkaribisha. Nilikiweka chini nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya migomba.

Sasa Ijumaa iliyopita, ulipokuwa Nyansiongo kwa binamu zako, kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Unajua mwalimu mkuu ni mpya, huyu mama, na muhula uliopita alifungua kile chumba akaniomba ufunguo niushike mimi tena, kwa sababu jikoni iko pale pale. Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria muhula mzima. Niliona siwezi kuingia mle ndani na jina lako limefungiwa humo.

Nikainua mkono mkutanoni. Mwenyekiti akauliza, "Mama Kemunto, ni juu ya choo?" Nikasema si juu ya choo. Akasema, "Basi hiyo ni ya mengineyo, ngoja mwisho." Nikangoja. Choo cha wasichana kikajadiliwa, ikaja milango yake, ikaja nani aliiba mbao. Wingu likafunga upande wa Nyamira na watu wakaanza kukusanya viti. Mwenyekiti akasema, "Haraka basi mama, mvua hiyo."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno yote na yote yalikimbia. Nikasema, "Miaka sita iliyopita, mjukuu wa Magokoro alipotea kwa sababu ya kitabu. Mlisema ni Kemunto. Hakuwa Kemunto. Nilisoma mimi, nikamsingizia mtoto wangu."

Unajua walifanya nini? Hakuna kitu. Mzee mmoja akasema, "Hiyo si ilikwisha?" Mwingine akauliza jirani yake, "Anasema nani ameiba mbao?" Mwenyekiti akanitazama kwa huruma ya mtu mwenye njaa. "Asante mama kwa hayo. Tuombe tufunge." Tukaomba, tukafunga. Miaka sita nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuchukua hata dakika mbili, na mvua ikaanza kabla ya amina.

Nilibaki chini ya bati la jikoni. Magokoro alikuwa pale, amejitanda leso kichwani, anangoja mvua ipungue. Nikaenda nikapiga magoti kwenye ile simenti yenye maji. Nikamwambia, "Magokoro, nisamehe. Ni mimi."

Akasema, "Inuka, utaharibu sketi."

Nikainuka.

Akasema, "Nyaboke aliniambia siku ile ile. Mtoto anajua sauti ya mtu anayempakulia. Nilikuja ofisini nikijua."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa anatazama maji yanavyotoka kwenye mfereji.

"Nilikuja kukugombeza wewe," akasema. "Ukamtaja mtoto wako. Nikaona, huyu mama hajui alichofanya, atakumbuka akifika nyumbani. Nikangoja. Kila Sabato nikikuona nasema, leo ataongea. Si mimi peke yangu, mwanangu. Watu wengi walijua. Wale watoto waliokuwa ndani ya chumba hawana mama zao wa kuwaambia? Tulikuwa tunangoja tuone utamwacha abebe mpaka lini."

Mvua ikapungua akaenda. Hakunisamehe, Kemunto. Hakukataa, lakini hakusema neno lile, na sikuwa na uso wa kumwomba mara ya pili.

Nimekaa na hilo siku zote hizi. Nilidhani uongo wangu ulikufanya uwe mbaya mbele ya watu ili mimi niwe mzuri. Kumbe haukumdanganya mtu yeyote mzima. Wavulana walikuimbia tu kwa sababu wavulana huimba. Wakubwa walikuona ulivyokuwa, mtoto anayemfunika mama yake, na mimi waliniona nilivyokuwa. Waliodanganyika ni mwalimu mkuu, ambaye alihamishwa na pengine hata hatukumbuki, na mimi. Umebeba mzigo ambao ndani yake hamkuwa na kitu. Sijui kama hilo litakupunguzia ama litakuongezea hasira. Kama ni hasira, una haki, na usiifanye ndogo kwa ajili yangu. Nimekuona ukifanya mambo madogo kwa ajili yangu tangu ulipokuwa na miaka kumi.

Sikuombi ubadilishe ile shule. Nenda. Ni nzuri na ni mbali, na umbali si dhambi. Sikuombi uanze kuniita tena vile ulivyokuwa ukiniita. Ninaomba tu usiende ukidhani unakimbia jina lako. Jina lako hapa liko safi, lilikuwa safi siku zote, na la kukimbiwa lilikuwa langu.

Na kama huko kutakuwa na chumba cha vitabu, na mtoto wa mtu fulani, labda wa mpishi wa huko, akakujia na kitabu cha picha akitaka asomewe, usiogope sauti yako. Haikuwahi kumpoteza mtoto yeyote. Sauti iliyompoteza ilikuwa nyingine. Jumatatu nitaufungua mlango ule na nitawanawisha mikono, na nitasoma polepole, kidole kikionekana, picha zikiwa kwao. Nikikwama nitawauliza wao. Sijui kama Nyaboke, ambaye sasa ni msichana mrefu, atawahi kupita pale dirishani. Akipita sitamwita.

Nasikia sauti ya shangazi yako barabarani, kwa hivyo mnakuja, na sitapata nafasi ya kusoma nilichoandika. Barua nitaiweka chini ya nguo, utaiona ukifika. Ukitaka kuichana, ichane. Lakini chana kurasa hizi za juu tu. Ukurasa huu wa mwisho uweke, siku mtu yeyote akikurushia yale maneno umpe asome mwenyewe.

Mimi, Askah Bosibori, mpishi, ndiye niliyewasomea watoto ukurasa ule, na ndiye niliyesema uongo ofisini. Kemunto hakusoma. Kemunto alinyoosha mkono akaomba kitabu, nami nikamnyima.